Mitungi ya chuma ya kuzamia ya mtumba hapa Tanga: naomba mwongozo wa kuchagua, na vali zake

#1 Kijana wa Sahare

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kusafisha matumbo ya boti na kukagua minyororo ya maboya, kuanzia Ras Kazone mpaka Mwambani, mara mojamoja naitwa Pangani. Hadi sasa nakodi mitungi ya alumini na kodi inakula faida karibu yote. Kuna mzee Chumbageni anauza mitungi mitano ya chuma, anasema ilikuwa ya kampuni ya kupeleka watalii kuzamia iliyofunga biashara. Nimekwenda kuitazama. Mitatu imegongwa begani M25x2, lita 12, 232 bar. Miwili ni ya zamani sana, imeandikwa 3AA2250, na maandishi ya thredi (meno ya skrubu ya shingoni) sijayaona.

Yote haina vali. Vali ziko kwenye ndoo, zimechanganyika, nyingine zina thredi ndani ya mdomo, nyingine mdomo ni laini tu. Muuzaji anasema nichague yoyote, zote zinaingia. Aliijaribu moja mbele yangu kwenye ule mtungi wa zamani, ikaingia mpaka mwisho.

Anataka jibu kabla ya Ijumaa. Je, chuma kitanifaa kwa kazi hii? Nitazame nini? Na hizo vali nichague kwa kigezo gani?

#2 Nahodha wa Jarife

Nafuatilia. Weka picha za mabega ya mitungi mkuu, maandishi yasomeke.

#3 Fundi Presha

Mkuu, bei iweke pembeni kwanza. Hiyo "zote zinaingia" ndiyo inayoua watu, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu hata wauzaji wengi hawaijui.

Shingo za mitungi ya kuzamia hazina thredi za aina moja. Ulaya wanatumia zaidi M25x2, yaani upana wa milimita 25 na milimita 2 kutoka jino moja hadi la pili. Marekani wanatumia ya robo tatu inchi, meno 14 kwa inchi. Hiyo upana wake unazidi kidogo milimita 26, na kutoka jino hadi jino ni kama milimita 1.8.

Sasa hatari iko hapa. Vali ya robo tatu inchi ukiipeleka kwenye shingo ya M25 inakataa, na hilo ni jema. Lakini vali ya M25 ukiipeleka kwenye shingo ya robo tatu inchi inaingia. Inalegea kidogo, ila inazunguka, inafika chini, inakaa. Meno yanagusana kwa ncha tu. O-ringi (pete ya mpira) inaziba vizuri kabisa, kwa hiyo hutasikia hewa ikivuja wala hutaona povu ukipaka sabuni. Kila kitu kinaonekana sawa.

Halafu unaanza kujaza. Piga hesabu mwenyewe: tundu la milimita 25 lina eneo la karibu sentimita 5 za mraba. Presha ikifika bar 200, hewa inaisukuma ile vali kwa nguvu ya takriban tani moja. Ncha za meno haziwezi kuibeba tani moja. Inaweza kuachia kwenye kompresa, au ikasubiri mpaka umeuegemeza mtungi kwenye ukuta wa nyumba yako.

Mitungi ya 3AA ni ya Marekani, kwa hiyo shingo yake kwa kawaida ni ya robo tatu inchi. Kama vali aliyoijaribu mzee ni ya M25, basi ulichokiona pale ndicho hichohicho ninachokisema. Tafadhali mtungi ule usipelekwe kujazwa na mtu yeyote kabla vali haijatolewa na kukaguliwa. Mpigie mzee leo hii, usingoje kesho.

#4 Mpole wa Ngamiani

Fundi, samahani, naomba kuuliza. Kama inaingia na kukaza, mtu wa kawaida atajuaje? Sisi wengine hatuna vifaa vya kupimia.

#5 Fundi Presha

Swali zuri ndugu yangu.

Kwanza soma. Vali nyingi zimegongwa aina ya thredi kwenye shina lake, ile sehemu inayoingia mtungini, au juu yake kidogo. Utakuta M25x2 au 3/4-14 NPSM, ndiyo ile ya Marekani ya robo tatu inchi. Maandishi ni madogo, safisha kwa mswaki na siki, tumia taa ya simu ukiilaza ubavuni ili herufi zitoe kivuli. Kwenye mtungi tafuta begani karibu na shingo. Mitungi ya Ulaya kwa kawaida inaandika. Ya zamani ya Marekani mara nyingi haiandiki, ndiyo maana Kijana hajaona kitu.

Kisha rula. Laza rula ya milimita kwenye shina la vali na uhesabu meno ndani ya milimita 20. M25x2 itakupa 10. Ya robo tatu inchi itakupa 11. Tofauti ni jino moja tu, kwa hiyo hesabu taratibu, anza ncha ya jino umalizie ncha ya jino. Ukiwa na vernia (kipimo cha upana) pima na upana: 25 au 26.

Ila rula ina mipaka yake. Kuna thredi nyingine ya robo tatu inchi ya Uingereza, G3/4, nayo ina meno 14 kwa inchi, lakini pembe ya jino lake ni nyuzi 55 na ya Marekani ni nyuzi 60. Kwa rula zinafanana. Hapo ndipo inatakiwa geji maalumu ya kupimia shingo, ile yenye upande wa kuingia na upande wa kukataa. Kwa kanuni yangu, vali isiyosomeka haifungwi kwenye mtungi wowote, hata iwe inang'aa vipi.

#6 Binti Kigombe

Fundi umesema vyema. Mimi naongezea upande wa ndani, maana nimefanya kazi chumba cha kujazia mitungi na adui wa chuma huku kwetu ni unyevu.

Kaka wa Sahare, usinunue mtungi ambao hujautazama ndani. Yako haina vali, hiyo ni bahati, maana hakuna cha kufungua. Anayekuta mtungi una vali, kabla hajagusa spana afungue koki yote na asubiri hewa iishe. Na hata ikinyamaza asiamini haraka: kijibomba kinachoning'inia chini ya vali kinaweza kuziba kwa kutu na presha ikabaki ndani. Vali ikigoma kuzunguka, acha, mpelekee fundi.

Tafuta taa ndogo ya LED ya waya inayopita shingoni. Zima taa za chumba. Utakachokiona ni moja ya mambo haya. Rangi ya kahawia nyepesi kama vumbi, ukipitisha kitambaa inatoka: hiyo inasafishika, mtungi unaoshwa kwa kuzungushwa na kokoto maalumu. Magamba yanayobanduka na kulia ukiutikisa mtungi: hapo chuma kimeanza kuliwa, mpaka usafishwe ndipo ujue kimeliwa kiasi gani. Na vishimo: hivyo ndivyo vya kuogopa, hasa vikiwa vimejipanga mstari mmoja kutoka juu mpaka chini. Mstari huo maana yake mtungi ulilazwa muda mrefu ukiwa na maji ya chumvi ndani, na yalikaa upande mmoja yakila ukuta, mahali ambapo chuma ni chembamba kuliko kitako.

Nje, vua kile kiatu cha mpira cha chini. Kama hakitoki, lazimisha. Maji ya bahari yanajificha pale, na nimeona mitungi yenye rangi nzuri juu, kitako kimeota kutu nene kama maganda ya mti. Rangi mpya pia iulize. Mtungi uliopigwa rangi ya kuokwa kwenye tanuri, au uliowahi kupitiwa na moto, usiuchukue kwa bei yoyote, joto linaweza kuharibu uimara wa chuma.

Jambo jingine wengi hawalijui: usivute hewa ya zamani iliyokutwa ndani ya mtungi wa chuma. Kutu inapojengeka inakula oksijeni. Mtungi unaweza kuwa na presha nzuri kwenye geji na hewa yake isitoshe kumfanya mtu abaki na fahamu. Mwaga yote, kagua, jaza upya.

#7 Mzee wa Bandarini

Salaam wote. Nimezama bandarini miaka mingi kabla ya kustaafu, nitajibu swali la chuma au alumini kwa sababu limerukwa.

Mtungi wa alumini uliozoeleka, ule wa futi za ujazo 80, ndani una lita 11.1 na unajazwa bar 207. Ukijaa unazama kidogo, ukiisha unaelea kwa karibu kilo 2. Ndiyo maana ukiwa mwisho wa kazi chini ya boti unajikuta unapandishwa juu, na unalazimika kubeba risasi (vipande vya uzito) za ziada kiunoni tangu mwanzo. Chuma cha lita 12 kikiisha hewa hakikuinui, kinabaki karibu sawa na maji au chini kidogo. Kwa hiyo unapunguza risasi kama kilo 2. Nchi kavu uzito wake hautofautiani sana na alumini, usidanganyike kwamba utaona wepesi ukibeba toka gari mpaka ufukweni.

Na hewa unapata zaidi. Lita 12 mara bar 232 ni karibu lita 2,780 za hewa, alumini inakupa kama 2,300. Lakini hiyo ni kama anayekujazia anafikisha 232. Kompresa nyingi za hapa zimezoea bar 200, uliza kwanza.

Tahadhari yangu: maji yetu ni ya moto, unazama na suti nyembamba au fulana tu. Suti nyembamba haikuinui. Ukivaa mtungi wa chuma wa lita 15, au miwili mgongoni, unaweza kuwa mzito hata bila risasi, na jaketi la hewa linalokuelesha likipasuka huna cha kudondosha. Lita 12 mmoja unatosha kwa kazi ya matumbo ya boti. Ujaribu kwenye maji ya kina cha kiuno, mtungi ukiwa na bar 30 hivi, ndipo upange risasi zako.

Ile miwili ya 3AA2250: presha yake ya kazi ni psi (paundi kwa inchi ya mraba) 2,250, sawa na bar 155. Ikiwa na alama ya kujumlisha baada ya tarehe ya kupimwa, inaruhusiwa kuongezwa asilimia 10, bar 170 hivi. Anayekujazia kwa mazoea ya bar 200 ataupitisha kiwango chake. Halafu tazama ndani kama umepakwa rangi au plastiki. Mitungi mingi ya chuma ya miaka ya 1960 na 1970 ilipakwa hivyo ili isishike kutu, kumbe utando ukichubuka, maji yanaingia nyuma yake na kutu inafanya kazi gizani. Hiyo mimi siigusi.

#8 Dogo wa Moa

Mzee shikamoo. Je, mtungi mmoja wa lita 12 unaweza kufaa kwa pweza na majongoo? Huku kwetu watu wanaulizia.

#9 Msimamizi

Kuvua kwa mitungi ya hewa hairuhusiwi kisheria, na uvunaji wa majongoo bahari Tanzania Bara ulipigwa marufuku. Naomba uzi ubaki kwenye mada ya vifaa na usalama.

#10 Mzee wa Bandarini

Marahaba mwanangu. Msimamizi amekujibu, nami naongeza la afya. Vijana wanaozama kutafuta majongoo wanarudia kupanda na kushuka mchana kutwa bila meza (jedwali la muda wa kukaa chini), bila mapumziko, wakifuata majongoo kwenye kina kinachoongezeka. Wapo wanaotembea kwa fimbo leo na hawajafika miaka 40. Ikiwa unapenda bahari, nitafute, kuna kazi za halali chini ya maji, na zinalipa.

#11 Binti Kigombe

Na kwa kaka wa Sahare: Mwambani na visiwa vya Yambe na Karange vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa 2009. Ofisi ya hifadhi wajue unafanya kazi gani pale chini. Kijana mwenye mitungi kwenye ngalawa anatiliwa shaka upesi, na wana haki.

#12 Kijana wa Sahare

Asanteni sana wakuu, Mungu awabariki. Mzee Chumbageni nilimpigia usiku uleule, na leo nimekwenda na mjomba wangu mwenye vernia, mizani ya kuning'iniza na taa ya waya.

Vali iliyokuwa kwenye mtungi wa zamani: imeandikwa M25x2 kwenye shina. Tukaitoa kwa mkono. Mzee alinyamaza, kisha akatusaidia mwenyewe kutenganisha ndoo nzima. Tatu ni M25x2, nne ni 3/4-14 NPSM, moja haisomeki kabisa.

Mitungi ya lita 12: wa kwanza na wa pili ndani una vumbi la kahawia, kitambaa kinalitoa. Wa tatu una mstari wa vishimo kama alivyosema dada, kutoka begani mpaka karibu na kitako. Tukaupima, umepungua zaidi ya nusu kilo kutoka uzito uliogongwa begani, na bado una rangi na kiatu. Ile miwili mingine ya lita 12 uzito wake upo sawa na maandishi yake. Muhuri wa mwisho wa kupimwa kwa maji umepita miaka kumi.

Ya 3AA ina utando ndani, unabanduka vipande.

Ninachofikiria ni kuchukua miwili na vali za M25. Vali mbili ni za mdomo laini, moja ina thredi mdomoni. Regulata yangu (kifaa cha kupumulia kinachofungwa kwenye vali) ni ya kubana kwa skrubu ya nyuma.

#13 Fundi Presha

Umefanya kazi ya kiume mdogo wangu, na mpe mjomba salamu.

Uzito kupungua kiasi hicho ni chuma kilichoondoka. Mwambie mzee huo wa tatu asiuuze kwa mzamiaji mwingine, autoboe. Vali isiyosomeka nayo ikatwe, isirudi kwenye ndoo. Hizo mbili za utando, kama hakuna wa kuzisafisha na kuzipima ipasavyo, ni chuma chakavu tu.

Kuhusu muhuri: miwili unayoichukua hainunuliwi kwa bei ya mitungi inayofanya kazi. Inatakiwa kupimwa kwa maji, yaani ijazwe maji na kusukumwa kwa presha kubwa. Ya 232 bar inapimwa kwa bar 348, mara moja na nusu, na namba hiyo utaikuta begani. Ulaya wanapima kila baada ya miaka 5, na ndani wanatazama kila miaka miwili na nusu. Kwa unyevu wetu mimi natazama kila mwaka. Patana na mzee hivi: gharama ya kupima itoke kwenye bei, na mtungi ukikataliwa anakurudishia.

Sasa mdomo wa vali. Ile yenye thredi ndani ni DIN. Hesabu thredi za ndani: ikiwa tano ni ya 232 bar, na hiyo ndiyo ningeipenda, kwa sababu inapokea plagi ya kati inayoigeuza iwe ya kubana, kwa hiyo regulata yako ya leo inatumika, na siku ukipata ya DIN unatoa plagi kwa spana ya L. Ikiwa saba ni ya 300 bar. Hiyo plagi haikai, na regulata fupi ya 232 haifiki chini kuziba. Regulata ndefu ya 300 inaingia kwenye vali zote mbili. Za mdomo laini ni za kubana tu, hazina ubaya kwa 232, hakikisha kingo za mdomo pale o-ringi inapokaa hazina mikwaruzo.

Zote tatu zifunguliwe, zioshwe, zibadilishwe o-ringi na kiti cha ndani kabla ya kutumika. Angalia kijibomba cha chini kipo. Bila hicho, ukiinamisha kichwa, uchafu wa mtungi unamwagikia kwenye regulata.

#14 Mpole wa Ngamiani

Na zile nne za Kimarekani zina faida? Naona mitungi mingi ya alumini ina robo tatu inchi.

#15 Fundi Presha

Zinafaa kwa mtungi wenye thredi hiyohiyo, ila tazama jambo moja. Vali za Marekani zina kisahani cha usalama, kiskrubu kidogo ubavuni chenye kipande cha shaba kinachopasuka presha ikizidi. Kisahani kinachaguliwa kufuata mtungi. Cha mtungi wa psi 3,000 ukikihamishia kwenye mtungi wa psi 2,250 kitachelewa kupasuka. Vali za Ulaya mara nyingi hazina kabisa, kwa hiyo usishangae kwamba zako hazina.

#16 Kijana wa Sahare

Nimekubaliana na mzee. Miwili, vali ya DIN ya thredi tano na moja ya mdomo laini, nusu ya pesa sasa, nusu baada ya kupimwa. Ule wa tatu kautoboa kwa drili mbele yetu.

Swali la mwisho: nikishaipata nitaitunzaje isirudi kwenye kutu?

#17 Binti Kigombe

Usiimalize hewa mpaka sifuri chini ya maji, panda ukiwa na bar 50 na ukiweka stoo ibaki na angalau bar 20. Presha ya ndani inazuia maji kuingia. Isimamishe, usiilaze. Kila ukitoka baharini ioshe kwa maji yasiyo na chumvi, na kiatu kivue, suuza kitako, acha kikauke kabla hujakirudisha.

Kubwa zaidi ni pale kwenye kompresa. Tone la maji likibaki mdomoni mwa vali, mpira wa kujazia ukifungwa juu yake, presha inalisukuma tone zima ndani ya mtungi. Kwa hiyo kabla ya kufunga mpira, fungua koki kidogo tu, hewa ipulize mdomo ukauke, kisha kausha na mdomo wa mpira wenyewe. Anayejaza akikuona unafanya hivyo asikasirike. Na muulize alibadilisha lini chujio: hewa yetu ina unyevu mwingi, chujio kikichoka anakujazia maji na mafuta. Tazama pia bomba la kuvuta hewa limeelekezwa wapi. Likiwa karibu na moshi wa injini unavuta kaboni monoksidi, na hiyo haina harufu.

Ikisharudi kutoka kupimwa niambie, nitakuja na taa tuitazame ndani pamoja kabla ya kufunga vali.